Seva ya masomo darasani bila intaneti: mwongozo kwa walimu wa Lamu

Maswali ya walimu wa visiwani ni yale yale kila muhula. Vishikwambi vimo stoo, mtandao unakuja na kwenda, bando ni ghali, na darasa lina watoto arobaini na kitu. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye intaneti. Kipakatalishi kimoja, ndicho tutakachokiita seva, kinaweza kubeba masomo yote unayohitaji kwa muhula, na ruta ya bei ndogo ikayasambaza kwa vishikwambi vyote chumbani bila kula bando hata kidogo. Programu tutakayotumia ni Kolibri ya shirika la Learning Equality. Ni ya bure, na unaweza kuzigeuza kurasa zake zikawa za Kiswahili. Hatua hizi ni za kipakatalishi chenye Windows. Mwalimu wa Malindi atazifuata zote isipokuwa habari za boti.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kipakatalishi chenye RAM ya GB 4 au zaidi na nafasi tupu isiyopungua GB 60.
- Ruta ya waifai yenye matundu ya LAN nyuma yake. Yatosha ile ya nyumbani ya masafa ya 2.4 GHz. Laini ya simu haihitajiki.
- Waya wa LAN wa mita 2 au 3.
- Vishikwambi, kimoja kwa watoto watatu. Darasa la watoto 42 linahitaji 14.
- Flashi ya GB 64.
- Ekstensheni nzuri yenye kinga ya stima inayoruka.
- Sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.
- Projekta, ikiwepo. Ukuta uliopakwa chokaa ni skrini tosha.

Kabla ya kununua chochote, mwombe mwalimu mkuu akufungulie stoo. Mpango wa serikali wa DigiSchool, ulioanza kusambaza vifaa 2016, ulizipelekea shule za msingi za umma vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na kisanduku cha seva chenye ruta. Ni rahisi kukumbuka vishikwambi tu na kusahau vingine. Huenda ruta unayotaka kununua imo ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa.

Halafu piga hesabu ya umeme. Kipakatalishi hula wastani wa wati 30, ruta wati 6 hivi. Kwa saa 4 ni 36 × 4, yaani wati-saa 144. Betri ya sola ya risasi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Hapo umebaki na akiba nzuri. Projekta ya kawaida ya taa hula wati 200 au zaidi, na saa mbili tu zinamaliza 400. Ukitegemea sola, projekta iwe ya dakika kumi kumi, si ya kipindi kizima. Vishikwambi navyo kila kimoja huvuta wati 10 hivi kikichajiwa. Ukichomeka vyote 14 kwa pamoja hizo ni wati 140, basi chaji kwa zamu, vishikwambi saba asubuhi na saba mchana, jua likiwa kali.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1 hadi ya 4 zifanye mahali penye mtandao mzuri, Amu mjini (mji wa Lamu) au Malindi. Usingoje kufika Kizingitini kisiwani Pate ndipo uanze kupakua.

1. Sakinisha Kolibri. Pakua faili la Windows kutoka tovuti ya Learning Equality, ulibofye, ufuate maelekezo. Ukifungua mara ya kwanza utaulizwa unaitumiaje: peke yako au kwa kikundi. Chagua kikundi. Hapa ndipo wengi hukosea, maana ukichagua matumizi ya mtu mmoja hutapata sehemu ya mwalimu wala ripoti za wanafunzi, na njia nyepesi ya kutoka ni kuanza upya. Kisha tengeneza kituo kipya kwa jina la shule, na jina lako na nywila ya msimamizi. Nywila hiyo iandike kwenye daftari linalokaa ofisini, kwa sababu mwalimu akihamishwa nayo kichwani, seva inabaki sanduku.

2. Chagua maudhui machache. Kolibri hupanga masomo katika chaneli. Za kuanzia ni Khan Academy kwa hesabu na sayansi, African Storybook kwa hadithi za kusoma (zipo za Kiswahili), Ubongo Kids ya Tanzania kwa madarasa ya chini, na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kwa majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini. Usipakue chaneli nzima. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB na nusu yake hutaigusa. Fungua chaneli, weka alama kwenye mada za muhula huu tu, angalia ukubwa unaoonyeshwa chini, ndipo upakue.

Panga kwa mtaala, usipange kwa chaneli. Shika kitabu cha mwanafunzi kilichoidhinishwa na KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya), soma mada za wiki kumi zijazo, na kwa kila mada tafuta kitu kimoja au viwili. Usipopata, acha, mada hiyo itafundishwa kwa chaki kama kawaida.

3. Pitia kila kitu mwenyewe. Video itazame mpaka mwisho na zoezi ulifanye. Msamiati wa hesabu katika video za Kiswahili hautalingana kila mara na wa kitabu chenu, na kuanzia Gredi ya 4 kitabu chenyewe ni cha Kiingereza. Andika pembeni maneno yanayotofautiana ili uyaweke ubaoni kabla ya kipindi. Mtoto wa Faza anayezungumza Kibajuni nyumbani tayari anabeba lugha tatu, usimwongezee ya nne bila kumwambia.

4. Weka akiba kwenye flashi. Iformati flashi kwa exFAT, si FAT32, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Katika ukurasa wa kifaa ndani ya Kolibri, hamisha chaneli zako kwenda kwenye flashi. Itaundwa folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usibadilishe jina lake, la sivyo Kolibri haitaitambua, wala usiingize vitu vyako ndani yake. Flashi hii ndiyo itakayojaza kipakatalishi kingine cha shule ya jirani bila kupakua tena.

5. Safirisha vifaa vikiwa vikavu. Kutoka gati ya Mokowe au Amu hadi Pate maji ya chumvi yatakurukia, hasa wakati wa kusi. Kiroba na mfuko wa begi havizuii kitu. Tia vifaa ndani ya sanduku la plastiki, vipakiti vya kunyonya unyevu ndani, kifuniko ukizungushie selotepu pana, na sanduku likae katikati ya chombo, si ubavuni. Vifaa vyote viwe vimezimwa.

6. Funga ruta. Ichomeke kwenye umeme, kisha unganisha kipakatalishi kwa waya wa LAN kwenye tundu la LAN, si lile la WAN (la kupokea intaneti) ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, ubadilishe nywila ya kiwandani, uupe mtandao jina fupi kama DARASA. Chagua chaneli ya redio 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawaitumii.

Tafuta pia sehemu ya kuhifadhi anwani (Address Reservation), na ukipe kipakatalishi anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.0.50. Ukiruka hapa, anwani inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, na karatasi uliyobandika ukutani itakuwa ya uongo.

Mahali pa kuiweka ruta pana maana kuliko bei yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za mji wa kale ni nene mno, na waifai inazama humo. Seva ya ofisini haitafika darasani hata kama ni milango miwili tu. Iweke ruta ndani ya chumba chenyewe, juu ya kabati, kimo cha kichwa cha mtu mzima, mbali na dirisha linaloelekea baharini.

7. Tayarisha kipakatalishi kiwe seva. Mambo matatu. Kwanza, katika mipangilio ya nguvu, kizuie kisilale kikiwa kwenye chaji, na kufunga kifuniko kusifanye lolote. Pili, Windows ikiuliza kama Kolibri iruhusiwe kupita kwenye ukuta wa ulinzi (firewall), ruhusu mitandao ya faragha na ya umma pia. Mtandao usio na intaneti Windows mara nyingi huuhesabu kuwa wa umma, na ukiruhusu wa faragha peke yake vishikwambi vitagonga mwamba. Tatu, hakikisha tarehe na saa ni sahihi, la sivyo ripoti zitasema watoto walisoma mwaka mwingine.

8. Sajili wanafunzi. Tengeneza darasa, kisha akaunti. Jina la kuingilia halina nafasi wala alama. Kwa kuwa kila darasa la pwani lina akina Fatma watatu na akina Mohamed wanne, tumia jina na namba ya rejista: fatma07, mohamed21. Kwa Gredi ya 1 hadi ya 4 zima sharti la nywila kwa wanafunzi, utaokoa dakika kumi kila kipindi. Usiweke namba za vyeti vya kuzaliwa wala simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda taarifa za watoto, na Kolibri haizihitaji.

9. Jaribu kwa kishikwambi kimoja, kisha kwa vyote. Unganisha kishikwambi na DARASA, fungua kivinjari, andika http://192.168.0.50:8080. Yote yaandikwe, pamoja na http na zile namba za mwisho. Ukifaulu, weka alamisho kwenye skrini ya mwanzo ya kila kishikwambi ili watoto waguse tu. Kisha viwashe vyote pamoja na ufungue zoezi moja kwenye kila kimoja. Fanya haya jioni, darasa likiwa tupu.

10. Panga somo na ulionyeshe. Katika sehemu ya mwalimu, unda somo, chagua vitu vyake, lipe darasa. Kuna kitufe cha kulifanya lionekane kwa wanafunzi. Usipokiwasha wataingia na kukuta ukurasa mtupu. Majaribio ya maswali (quiz) nayo yana kitufe chao cha kuanza. Katika mipangilio ya kifaa unaweza pia kuamua waone vile ulivyowapa tu. Mwezi wa kwanza fanya hivyo.

Kipindi chenyewe, dakika 35

Tuchukue mada ya sehemu (fractions) katika hesabu, Gredi ya 6.

Dakika 5 za mwanzo hakuna kifaa kinachoguswa. Andika ubaoni: mikate miwili ya mofa imelingana ukubwa. Ali kapewa 3/8 za mmoja, Zuhura kapewa 2/5 za mwingine. Nani kapata zaidi? Kila mtoto anaandika jibu lake kwenye daftari, hata akikisia. Wengi watamchagua Ali kwa sababu 3 na 8 ni kubwa kuliko 2 na 5, na kosa hilo ndilo unalolitaka lijitokeze mapema.

Dakika 8 zinazofuata, onyesha ukutani zoezi la PhET liitwalo Fractions: Intro. Gawa umbo vipande vinane, kisha vitano, waone kimoja cha vile vitano kilivyo kikubwa kuliko kimoja cha vile vinane. Wewe ndiye unayegusa, wao ndio wanaokuambia uguse wapi.

Dakika 15 ni za vishikwambi. Watatu watatu: mmoja anagusa, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika hatua daftarini. Kila dakika 5 piga kofi, wabadilishane. Bila zamu, mtoto mmoja mwenye simu nyumbani atashika kishikwambi mwanzo mpaka mwisho na wengine wawili watatazama. Zunguka, na kila mara rudi utazame ripoti ya Kolibri kwenye kipakatalishi: utaona swali lipi limewakwamisha wengi, nalo ndilo utakalolirudia ubaoni.

Dakika 7 za mwisho vishikwambi vinalazwa kifudifudi. Wanarudi kwa Ali na Zuhura, wanasahihisha madaftari kwa kalamu ya rangi nyingine. 3/8 ni 15/40, 2/5 ni 16/40. Zuhura kamzidi kidogo tu.

Jambo moja la msimamo. Kitu kinachoweza kufanywa kwa mkono kisifanywe kwenye skrini. Saketi ya umeme yenye betri ya tochi, waya na balbu ifanyeni mezani, vitu hivyo vinapatikana dukani. PhET ina zoezi la saketi, Circuit Construction Kit: DC, na ni zuri kweli, lakini litumie kuonyesha kile ambacho jicho halikioni, yaani mwendo wa elektroni ndani ya waya, baada ya balbu halisi kuwaka.

Makosa yanayorudiwa

Kutumia video kwenye vishikwambi vyote kwa wakati mmoja. Ruta ya nyumbani inachoka, video zinakatikakatika, watoto wanaanza kubofya ovyo na hali inazidi. Video iwe ya projekta, vishikwambi viwe vya mazoezi. Mazoezi ni mepesi, na hata hivyo waruhusu safu moja moja kuyafungua, si wote kwa pamoja.

Kupanga klabu ya kompyuta saa kumi jioni. Saa hiyo watoto wako madrasa, na Ijumaa adhuhuri usiihesabu kabisa. Iweke ndani ya ratiba ya vipindi au mapumziko marefu ya mchana.

Kuunganisha ruta ya volti 12 moja kwa moja na betri ya sola. Betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Ruta nyingine huvumilia, nyingine huungua. Tumia inveta au kigeuzi kinachotoa volti 12 zisizoyumba.

Kufungia vishikwambi likizo nzima vikiwa vimejaa chaji au vimekauka kabisa. Viache kati ya asilimia 40 na 60, vizimwe, ndani ya sanduku kavu. Betri iliyovimba na kuinua skrini isichajiwe tena wala kutobolewa. Itenge mbali na vingine, mahali pasipo na kitu cha kushika moto.

Kutoweka akiba ya kumbukumbu za wanafunzi. Funga Kolibri kila Ijumaa, nakili kwenye flashi folda yake ya data, ambayo kwa kawaida huitwa .kolibri na hukaa ndani ya folda ya mtumiaji.

Ikikwama

*Kishikwambi kinasema hakuna intaneti, kisha kinauacha mtandao wa DARASA.* Ni kawaida ya Android. Kikiuliza kama ubaki, kubali na uweke alama kisiulize tena. Kama kina laini ya simu, zima data.

*Ukurasa haufunguki kwenye kishikwambi hata kimoja.* Fungua Kolibri kwenye kipakatalishi chenyewe. Ikifunguka hapo, tatizo ni ukuta wa ulinzi wa Windows au anwani imebadilika. Linganisha na anwani inayoonyeshwa katika taarifa za kifaa ndani ya Kolibri. Isipofunguka, izime na uiwashe upya.

*Ukurasa haufunguki kwenye kishikwambi kimoja tu.* Kivinjari kimeongeza https badala ya http, au mtoto kasahau :8080.

*Ukurasa mweupe mtupu.* Kivinjari ni cha zamani mno, hasa kwenye vishikwambi vya miaka ya mwanzo ya DigiSchool. Kisasishe siku utakayokuwa mjini penye mtandao.

*Kila kitu kilikuwa sawa, ghafla vyote vimekatika.* Kipakatalishi kimelala, au stima imekwenda na ruta imezimika huku kipakatalishi kikiendelea kwa betri. Angalia taa za ruta kwanza. Umeme ukirudi, subiri dakika mbili kabla ya kuwaambia watoto waguse.

*Mwanafunzi anaona ukurasa usio na somo.* Somo halijafanywa lionekane, au yeye hajaandikishwa katika darasa hilo ingawa akaunti anayo.

*Kishikwambi kinagoma kuchaji.* Tazama ndani ya tundu kwa tochi. Ukiona kutu ya kijani, ni chumvi ya hewa. Kizime, chovya mswaki laini mkavu kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, safisha taratibu, acha saa moja kikauke. Usitumie maji, manukato wala mafuta. Kikigoma tena, jaribu waya mwingine kabla ya kukipeleka kwa fundi, kwa sababu waya hufa haraka kuliko vifaa vyenyewe.